Gitaa langu limeibiwa harusini, aliye nalo anataka nilikomboe kwa pesa. Naombeni ushauri

Solo wa Ziwani:
Wakuu, habari za leo. Humu huwa nasoma tu, leo nimebanwa ndiyo maana naandika. Mimi ni mpiga gitaa la solo, tuna bendi ndogo hapa Kigoma mjini. Tunapiga harusi, vipaimara, na mwisho wa wiki tuna baa yetu pale Mwanga. Jumamosi tulikuwa na harusi. Wakati wa maakuli tukashuka jukwaani, vyombo vikabaki. Kurudi, spika zipo, kinanda kipo, besi lipo. Gitaa langu halipo, na begi lake halipo.

Juzi nikapigiwa na namba nisiyoijua. Mwanaume anasema gitaa analo, amelinunua kwa mtu, anataka 200,000 nilichukue. Nisipotoa mpaka Ijumaa linapanda boti Kibirizi linavuka Kongo, na nikienda polisi nisahau. Wiki ijayo tuna harusi Kasulu na kianzio tumeshagawana. Nilipe au nisilipe? Na wenzangu wenye bendi, vyombo mnavilindaje kwenye shughuli za watu? Matusi sitaki, nina mawazo ya kutosha.

Dagaa Kavu:
Pole sana mkuu. Lipa uchukue chombo chako, riziki kwanza. Polisi utaenda baadaye.

Mama Ujiji:
Baadaye lini, akishalipa atakwenda kusema nini? Mwanangu pole, lakini ninyi wa muziki pilau likipita mnashuka wote, hata mmoja habaki. Marehemu mume wangu alikodisha viti na maturubai hapa Ujiji. Kila shughuli viti vinapungua, na wanaovibeba ni ndugu wa bwana harusi, wamevaa suti. Akaanza kupaka rangi ya bluu chini ya kila kiti. Siku moja tumealikwa chakula kwa watu wa heshima kabisa, nikainua kiti nikae vizuri, bluu hiyo hapo. Tulikula tukaondoka, hakusema neno. Mpaka leo naumia kwamba hakusema.

Fundi Mitambo:
Nafanya kazi ya sauti Kigoma, Kasulu mpaka Kibondo, nitajibu la ulinzi. Muziki ukiwa unapigwa ni nadra chombo kuibiwa. Kinaondoka mnapopanga mchana wakati ukumbi uko wazi kwa wapambaji na wapishi, kinaondoka mnapokula, na kinaondoka mnapopakia usiku, kila mtu kachoka na mwenye kirikuu anapiga honi.

Kwa hiyo awepo mtu wa vyombo ambaye hana kazi nyingine. Alipwe kwenye fungu la bendi kabla ya mgao, asiachiwe soda na ahadi. Awe na daftari: vimeingia vingapi, vimetoka vingapi, mpaka waya na maiki. Jukwaa liegemee ukuta, nyuma kusiwe na mlango. Gitaa ni jepesi, mtu analitia begani anapita getini kama mwanamuziki, kwa hiyo linashuka na mwenyewe mpaka mezani. Vyombo visilale kwenye gari hata kama gari liko ndani ya geti. Na mkipatana bei na mwenye shughuli, mpatane pia ukumbini kikipotea kitu nani anabeba hasara. Wengi wanaona aibu kulisema hilo mbele ya wazee wa kamati, kisha wanalia peke yao.

Pia piga picha namba ya kiwandani. Magitaa mengi ya umeme inakuwa nyuma ya kichwa au kwenye kibati kinachounga shingo na mwili, kinanda iko chini kwenye kibandiko. Wewe namba unayo?

Mzee wa Reli:
Nawasalimu kutoka Tabora. Sisi tuliokulia kwenye muziki wa Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz tunajua kwamba wanamuziki wengi wa wakati ule hawakuwa na gitaa. Chombo kilikuwa cha mwenye bendi. NUTA Jazz kule Dar vyombo vilikuwa vya chama cha wafanyakazi. Ukihama bendi unaondoka na vidole vyako. Ilikuwa dhuluma kwa namna yake, lakini palikuwa na stoo, palikuwa na ufunguo, na kikipotea kitu palikuwa na mtu wa kuulizwa. Vijana mmepata kumiliki vyombo, stoo hamna. Na huku kwetu sungusungu walipoanza miaka ya 1980, habari ya kupigiwa simu na mwizi akupangie bei isingekuwepo.

Wakili Mtaani:
Wazee, tumwache kijana ajibu. Solo, kuna kitu hujasema. Mwizi wa gitaa la kawaida angelipeleka kwa bendi nyingine au kanisani usiku uleule. Huyu anahangaika kukuuzia wewe. Kwa nini wewe? Na namba yako ya simu kaipata wapi?

Solo wa Ziwani:
Namba yangu iko kwenye bango la bendi. Mimi nimeuliza nilipe au nisilipe.

Mama Ujiji:
Umeulizwa kwa upole, jibu kwa upole. Gitaa lako lina nini?

Solo wa Ziwani:
Samahani mama. Ni la mkono wa kushoto. Nilificha kwa sababu nikiandika hivyo, mtu yeyote anayekwenda kwenye muziki hapa mjini atanijua.

Na nimeshatuma 100,000. Msinishambulie. Ningefanya nini? Gitaa la mkono wa kulia nikiazima siwezi kupiga, vidole havijui njia. Nusu iliyobaki tumekubaliana nimpe akinionyesha gitaa. Nimeona ni hasara ndogo kuliko kuvunja kazi ya Kasulu.

Dagaa Kavu:
Basi narudisha maneno yangu. Wa kushoto Kigoma nzima labda uko peke yako. Kongo gani hiyo, nani alinunue huko? Huyo aliiba akijua mteja ni mmoja.

Nyuzi Nne:
Nipo Gungu, napiga besi. Paul McCartney wa Beatles naye ni wa kushoto. Besi lake la Höfner, lile lenye umbo la fidla, liliibiwa kwenye gari London mwaka 1972. Likaja kupatikana kwenye dari ya nyumba ya watu, na habari zikatangazwa Februari 2024. Miaka zaidi ya hamsini! Waliolitafuta waliomba hadharani mtu yeyote anayejua lolote aseme, na watu wakaanza kusema. Na wewe tangaza kwenye magrupu yote, andika zawadi ipo na hakuna atakayeulizwa maswali.

Wakili Mtaani:
Atangaze, lakini hayo maneno ya mwisho asiandike. Kanuni ya Adhabu inakataza kutangaza hadharani zawadi ya mali iliyoibwa huku ukiahidi kwamba mtu hataulizwa maswali. Na huyo anayesema amelinunua, kupokea mali ukijua ni ya wizi ni kosa peke yake.

Solo, ulipotuma pesa kwa simu, kabla ya kuthibitisha jina lilitokea. Usiliandike hapa. Unalijua?

Sidanganyiki:
Wakuu, mnapoteza muda, hii chai. Kwanza gitaa, halafu likawa la kushoto, halafu pesa imeshatumwa, kila tukiuliza hadithi inakua. Gitaa la kushoto kalinunua duka gani Kigoma? Kesho ataweka namba mumchangie 100,000 iliyobaki. Mleta uzi hata picha hana.

Solo wa Ziwani:
Sijaomba mchango wa mtu. Na sikusema nilinunua gitaa la kushoto. Nilinunua la kulia nikaligeuza, kwa sababu sikuwa na namna nyingine. Nyuzi nimezipanga upya. Kile kipande cha juu zinapokaa nyuzi, fundi seremala alinichongea kipya kwa pembe ya ng'ombe, maana mifereji ya zamani ilikuwa nyembamba kwa uzi mnene. Kitufe cha mkanda nimekihamishia pembe ya pili, tundu la zamani lipo, nimeliziba kwa njiti na gundi. Vitufe vya sauti vimekuja juu, mkono unavigusa, kwa hiyo kimoja nimekiondoa. Na vile vidoti vya ubavuni mwa shingo vinakuwa upande wa chini, huvioni ukiwa unapiga, kwa hiyo nimechora vyangu upande wa juu kwa rangi nyekundu ya kucha ya mke wangu. Cha kumi na mbili kimechubuka. Sasa niambie ni chai.

Fundi Mitambo:
Sidanganyiki, hayo hayatungwi na mtu ambaye hajawahi kuligeuza gitaa. Vidoti vya ubavuni hata wapiga gitaa wengi hawajawahi kuviwaza.

Sidanganyiki:
Nimesoma. Naondoa neno langu. Pole ndugu.

Wakili Mtaani:
Solo, namba ya kiwandani huna na risiti sidhani kama unayo. Basi hayo uliyoyaandika kwa hasira ndiyo uthibitisho wako. Tundu lililozibwa, pembe ya ng'ombe, rangi ya kucha. Yaandike hivyohivyo kwenye maelezo yako polisi. Sasa jibu la jina.

Solo wa Ziwani:
Nalijua. Ni kijana anayeishi chumba kimoja na shemeji yangu, mdogo wa mke wangu. Na shemeji ndiye aliyebaki na vyombo tulipokula. Alisema alikwenda chooni mara moja.

Ndiyo maana nataka kulipa yaishe. Mama mkwe ana presha. Huyo dogo nilimleta mimi kwenye bendi, mke wangu ndiye aliyeniomba. Nikienda polisi nimempeleka ndani mtoto wa watu walionipa mke. Laki mbili ni nyingi, lakini ukwe ni mkubwa kuliko gitaa.

Mama Ujiji:
Mwanangu, nakuelewa kuliko unavyodhani. Lakini hilo gitaa ndilo linalomlisha huyo mke. Na huyo dogo ukimlipa leo, kesho ataiba kinanda, ambacho si chako, ni cha mwenzako. Hapo utaulizwa kama ulijua. Mwambie mkeo usiku huu, asije akalisikia kwa jirani. Kisha kaka mkubwa wa upande wao akae na huyo mtoto.

Mzee wa Reli:
Kikao cha ukoo sawa. Ila kitangulie kituo au kifuate?

Wakili Mtaani:
Kituo kwanza. Kikao kikitangulia, gitaa linahamishwa usiku huohuo. Na usimtaje shemeji kuwa mwizi, hujamwona akiiba. Taja unachokijua: namba, jina lililotokea, ujumbe wa muamala, nani alibaki na vyombo. Nenda na kiongozi wa bendi. Ujumbe wowote usiufute.

Nyuzi Nne:
Kasulu usivunje. Njoo Gungu, nina gitaa la zamani halina kazi, Fundi Mitambo atatugeuzia. Halitakuwa lako, lakini utapiga.

Fundi Mitambo:
Lete kesho asubuhi. Nyuzi mpya mnunue wenyewe.

Solo wa Ziwani:
Nimetoka kituoni na kiongozi wetu, RB, ile namba ya taarifa ya polisi, tumepewa. Mke wangu nimemwambia. Amekaa kimya muda mrefu, kisha akaniuliza kwa nini sikumwambia kabla ya kutuma pesa. Sasa hivi yule mtu amepiga tena, ameshusha mpaka 50,000, anataka tukutane stesheni saa mbili usiku.

Wakili Mtaani:
Usiende. Mpigie askari aliyeandika maelezo yako umwambie saa na mahali, sasa hivi, kabla hujajibu chochote humu.