Fokasa ya darubini inateleza nikiielekeza utosini

Mwalimu_Mbarara
Ndugu wapenzi wa anga, naomba msaada wenu. Shuleni tuna darubini ya lenzi yenye kipenyo cha milimita 102. Tukitazama vitu vilivyo chini karibu na upeo wa macho, haina tatizo lolote. Lakini tukiielekeza kwenye sayari ya Mshtarii ikiwa juu kabisa, lile bomba la ndani la fokasa (sehemu ya kurekebishia ukali wa picha) linaloshika lenzi ya jicho hushuka lenyewe polepole, na picha huwa imeshavurugika kabla zamu haijamfikia mwanafunzi anayefuata. Nikizungusha kifundo ili kulirudisha, shafti huzunguka bure. Je, meno yake yameisha?

Fundi_Jinja
Mwalimu, kabla ya kuyalaumu meno, hakikisha kwanza kwamba yapo. Litoe bomba hadi mwisho wake, kisha mulika kwa tochi mahali linapogusana na shafti. Ukikuta ukanda laini wa chuma usio na jino hata moja, hiyo ni fokasa ya aina ya Crayford, iliyobuniwa na Mwingereza John Wall miaka ya 1970 na kupewa jina la kitongoji cha London. Ndani yake shafti hulisogeza bomba kwa msuguano peke yake, huku beringi za upande wa pili zikilishikilia lisiyumbe, kwa hiyo mgandamizo ukipungua au mafuta yakiingia kati, shafti huzunguka bure kama unavyoeleza.

Chini ya fokasa kwa kawaida kuna skrubu mbili, nazo watu huzichanganya sana. Moja ni ya kufunga bomba lisisogee kabisa. Nyingine, ambayo mara nyingi ni ndogo na hukazwa kwa spana ya pembe sita, ndiyo inayoongeza mgandamizo wa shafti. Ikaze hiyo ya pili robo mzunguko, ujaribu, kisha uongeze kidogo ikibidi.

Mwalimu_Mbarara
Ahsante sana, fundi. Ni kweli, hakuna meno. Nimeikaza na imeshika vizuri zaidi, ila bado huteleza tukifunga kamera. Ukanda wenyewe una utando wa grisi.

Anga_Kampala
Basi grisi hiyo ndiyo adui, na kuendelea kukaza si dawa, kwa sababu mgandamizo ukizidi shafti hukwaruza ukanda na kuuachia mtaro ambao hauondoki tena. Fokasa ya meno huhitaji grisi kidogo, lakini hii huhitaji ukavu. Futa ukanda na shafti kwa kitambaa kisichoacha nyuzi kilicholoweshwa alkoholi ya isopropili, ile ambayo mafundi wa simu husafishia bodi. Tafadhali usitumie spiriti ya kusafishia vidonda, kwa kuwa mara nyingi huchanganywa na mafuta ya nyonyo, nawe utakuwa unapaka mafuta upya huku ukidhani unasafisha. Alkoholi isiguse lenzi.

Jambo jingine ni mahali tulipo. Hapa kwetu karibu na ikweta, Mshtarii na Zohali zikifika kilele chake huwa hazijatengana na utosi, yaani sehemu ya anga iliyo juu kabisa ya vichwa vyetu, zaidi ya nyuzi 30 hivi, ilhali London hupanda juu kiasi hicho mara chache tu. Darubini ya lenzi inapotazama juu namna hiyo, uzito wote wa kamera na kioo cha kupindishia mwanga huvuta bomba moja kwa moja kuelekea chini, kwa hiyo fokasa inayovumiliwa Ulaya huonyesha udhaifu wake hapa usiku wa kwanza. Mimi ningeondoa kamera kwenye vipindi vya wanafunzi na kuwawekea lenzi ya jicho iliyo nyepesi.

Fundi_Jinja
Naunga mkono, isipokuwa hilo la kuondoa kamera. Wanafunzi nao wana haki ya kupiga picha. Mwalimu, ukimaliza kusafisha, legeza skrubu ya mgandamizo na uanze kuikaza upya, darubini ikiwa imeelekezwa juu na kamera ikiwa imefungwa. Acha pale bomba linapopanda bila kuteleza. Wakati wa kupiga picha, hakikisha kwanza picha ni kali, ndipo ukaze ile skrubu ya kufungia, kisha utazame tena, maana skrubu hiyo huweza kulisukuma bomba kidogo.