Kurudi mwambani na marafiki wa zamani: kamba ya kale, goti bovu na yule mmoja aliyetuacha mbali

Mchungulia_Kilele

Wakuu, habari za majukumu.

Tuko watano, tulisoma pamoja, na enzi hizo wikendi haikuisha bila kugusa mwamba. Baadaye maisha yakatutawanya: kazi, ndoa, watoto, mwingine akaumia goti kwenye mpira. Mwaka huu tumekubaliana kwamba majira ya kuchipua yakianza na theluji ikitoka njiani, wikendi ni za mlima. Jumamosi tutembee, Jumapili tupande.

Shida ya kwanza ni kamba. Mkubwa wetu, ndiye aliyetufundisha sote, bado anayo ile kamba yetu ya zamani pamoja na mshipi wake wa kupandia. Anasema vimekaa stoo miaka yote, kamba isiyotumika haizeeki. Kumbishia naona haya, maana fundo la kwanza maishani mwangu alinifunga yeye.

Shida ya pili ni huyo wa goti. Kupanda mlima anapanda, kushuka ndiko analia.

Halafu kuna mmoja hakuwahi kuacha. Jioni zake zote yuko ukumbini, kwenye kuta za kupandia za ndani, sasa anapanda njia za ugumu wa 7a, wakati sisi wengine ugumu wa 5 tu utatutoa jasho. Tufanyeje asituchoke, na sisi tusijiue kwa kumfuata?

---

FundoLaNane

Mkuu, nianze na kamba kwa sababu hiyo haina mjadala.

Kamba za kupandia ni nailoni, na nailoni inazeeka hata ikiwa imelala. Watengenezaji wengi huandika kwenye maelezo yao kwamba vitu vya nyuzi, yaani kamba, mishipi na vitanzi, visizidi miaka 10 tangu vitengenezwe, hata kama havijawahi kutumika. Mwambie mzee asome lebo iliyoshonwa ndani ya mshipi wake, tarehe huwa ipo. Kwa kamba, baadhi ya watengenezaji huweka uzi au utepe katikati ya kiini, ukikata ncha unaona mwaka.

Muulize pia hiyo stoo ina nini kingine. Kama kuna betri ya gari, hapo sisubiri hata lebo. Tindikali ya betri, hata mvuke wake, inakula nailoni bila kuacha alama. Kamba unaiona nzima, unaipapasa iko laini, kumbe imekwisha.

Mshipi nao usidharauliwe. Todd Skinner, mmoja wa wapandaji hodari wa Marekani, alifariki Oktoba 2006 huko Yosemite, hifadhi ya Marekani yenye kuta kubwa za mwamba, wakati akijishusha kwa kamba, kitanzi cha mbele cha mshipi wake kilikuwa kimechakaa kikakatika. Na yule hakuwa mgeni wa kazi hii.

Kuna jambo jingine watu waliokaa pembeni muda mrefu hawalifikirii: urefu. Zamani kamba ya mita 50 ilikuwa ya kawaida. Siku hizi njia nyingi zinawekewa bolti, yaani vyuma vya kudumu vya kupitishia kamba, kwa hesabu ya kamba ya mita 60 au 70. Njia ya mita 28 inadai mita 56 za kamba ili mtu apande na kushushwa. Ukiwa na ya 50, ncha inapita kwenye kifaa cha mshika kamba, yule anayemshikia mpandaji kamba kutoka chini, na mwenzako anaanguka akiwa bado hewani. Hata kwa kamba mpya, fungeni fundo kwenye ncha ya chini. Daima.

Sasa, mzee utamwambiaje? Usimwambie "kamba yako mbovu". Mwambie mnaomba aikate vipande vitano, kila mtu apate kipande cha kufanyia mafundo nyumbani kabla ya safari. Mwalimu anabaki mwalimu na kamba inapata kazi. Mpya changeni.

---

Dada_wa_Korongo

FundoLaNane kamaliza ya kamba. Mimi nizungumzie majira yenyewe, kwa sababu wapandaji wa ukumbini na wapandaji waliostaafu wote husahau kwamba mwamba wa kuchipua si mwamba wa kiangazi.

Majira ya baridi maji huingia kwenye nyufa, yanaganda, yanapanuka, yanasukuma jiwe. Jua likirudi barafu inayeyuka, na jiwe lililokuwa limeshikwa na barafu linabaki limekaa tu. Kwa hiyo helmeti zivaliwe tangu mnapofika chini ya ukuta, si pale mtu anapojifunga kamba. Kila kishikizo kikubwa kigonge kwa kiganja kabla ya kukiamini. Kikitoa mlio wa utupu, kiache.

Kama mwamba wenu ni wa jiwe la mchanga, mvua ikinyesha Ijumaa msipande Jumapili kwa kuangalia uso wa mwamba tu. Jiwe la mchanga likilowa hupoteza nguvu, vishikizo vinamegeka na njia inaharibika moja kwa moja. Fukueni udongo kidogo kwa kidole chini ya ukuta. Ukiwa na unyevu, jueni mwamba nao una unyevu ndani. Nendeni kutembea, mwamba hauhami.

Someni na ubao pale njia inapoanzia. Ndege aina ya kozi hutaga kwenye kuta msimu huu huu, na sehemu nyingi hufungwa mpaka makinda yaruke. Yosemite, kwa mfano, kuta kadhaa hufungwa kuanzia Machi hadi katikati ya Julai. Msiwe wale watu wa "tunapita mara moja tu".

Kuhusu goti: tafuteni mzunguko unaopanda upande mkali na kushuka upande wa mteremko mpole. Watu wengi hufanya kinyume kwa kuogopa kuhema. Kuhema hakumuumizi, kushuka ndiko kunamuumiza. Fimbo mbili, azirefushe kidogo akianza kushuka. Na kama kuna kijito cha theluji njiani, kivukeni asubuhi. Alasiri maji huwa mengi zaidi, kwa kuwa jua limeshayeyusha huko juu.

Hesabu ya muda tumieni ile ya Naismith, Mskoti, ya mwaka 1892: saa 1 kwa kila kilomita 5, ongeza saa 1 kwa kila mita 600 za kupanda. Kilomita 12 zenye mita 900 za kupanda ni karibu saa 4 bila kupumzika. Nyinyi mna stori za miaka yote hiyo, wekeni sita.

---

MikonoYaChaki

Kwenye kundi letu mimi ndiye huyo wa 7a, basi nimsemee mwenzangu.

Hachoki nanyi. Anachochoka nacho ni kugeuzwa mfanyakazi. Kila njia atangulie yeye, afunge kamba juu, ashuke, aendelee kushika kamba mpaka jua linazama. Mpeni asubuhi ya mapema apande njia yake ngumu, mwamba ukiwa bado wa baridi. Vidole havitoi jasho, mpira wa viatu unashika vizuri. Mmoja wenu amshikie kamba kwa moyo wote, simu mfukoni. Baada ya hapo atawawekea kamba iliyokwisha kufungwa juu kwenye njia zenu za 5 na atacheka nanyi mchana kutwa.

Angalieni uzito. Mwepesi akimshikia mzito anayetangulia, mzito akianguka, mshikaji anarushwa juu ukutani.

Na nyinyi mnaorudi: misuli inakumbuka upesi, kano za vidole hazikumbuki. Wiki ya tatu mtajiona mmerudi ujana, ndipo kidole cha pete kinatoa mlio "pah". Epukeni vishikizo vyembamba mwezi wa kwanza.

---

Mchungulia_Kilele

Ahsanteni sana. Nimempigia mzee. Lebo ya mshipi inasema 2001, amekaa kimya kidogo, kisha akauliza kamba mpya itakuwa ya rangi gani, hahaha.

Swali dogo: wapi hasa watu kama sisi tunaumia?

---

FundoLaNane

Kwenye stori, mkuu. Lynn Hill, mpandaji wa Marekani, mwaka 1989 huko Buoux, Ufaransa, alianza kujifunga, akakatizwa na mazungumzo, fundo hakulimaliza. Alipanda njia nzima, alipoegemea kamba kule juu akaanguka zaidi ya mita 20. Alipona, na 1993 akapanda The Nose, njia maarufu ya ukuta wa El Capitan huko Yosemite, bila kujivuta kwa vifaa, wa kwanza kufanya hivyo. Lakini hata siku ile alipoanguka tayari alikuwa bingwa.

Kwa hiyo mtu akishika ncha ya kamba, wote kimya mpaka fundo liishe. Mshika kamba aliangalie fundo la mpandaji, mpandaji aangalie kifaa cha mshika kamba na karabina, ile pete ya chuma ya kuunganishia, kama imefungwa. Halafu mkubaliane kabla mguu haujaondoka chini: akifika juu anashushwa, au anajishusha mwenyewe? Juu kuna upepo, sauti haifiki. Mshika kamba akidhani mwenzake anajishusha, anaitoa kamba kwenye kifaa, na yule wa juu anaegemea hewa.

Ni mkutano wa nusu dakika. Stori za chuo zitaendelea mkiwa mmekaa.