Dari la bisi kwenye nyumba ya 1972: nikwangue au nifunike? Naombeni ushauri

KijanaWaMafinga

Wakuu, habari za jioni.

Mimi na mke wangu tumepata nyumba hapa Columbus, Ohio, baada ya miaka mingi ya kulipa kodi za watu. Makaratasi ya kaunti yanasema ilijengwa 1972. Kila kitu tumekipenda isipokuwa dari. Sebule, korido na vyumba vyote vya kulala ni lile dari la vinundu, wenyewe wanaliita la bisi. Linashika vumbi na utando wa buibui, na ukiwasha taa usiku vivuli vyake vinatia unyonge. Korido ina doa la kahawia, paa liliwahi kuvuja kabla hatujanunua, na pale dari linapukutika lenyewe. Mtoto wetu mdogo ana pumu, ndiyo maana linaninyima usingizi.

Nimeita mafundi wawili. Wa kwanza alitaja dola 4 kwa futi ya mraba, kukwangua na kupiga rangi, wala hakuuliza nyumba ni ya mwaka gani. Wa pili alisimama mlangoni, akatazama juu, akauliza kama limepimwa asbesto, yale madini ya nyuzi yanayoharibu mapafu. Nikasema bado. Akasema nikishapima nimpigie, akaondoka.

Shemeji yangu naye anasema tunajichelewesha. Ameangalia video: unanunua pampu ya kunyunyizia maua, unalowesha, unakwangua kwa pasi pana ya plasta. Jumamosi anakuja, mke wangu apike pilau, jioni tumemaliza.

Nimsikilize nani? Na je, siwezi kufunika tu kwa jipsamu bodi nikaachana na mambo ya kukwangua?

Ngosha_Brashi

Hongera kwa nyumba mkuu. Kazi yenyewe shemeji kaielewa. Mimi napaka rangi huku Texas na madari hayo nimeyashusha mengi. Unatandika nailoni sakafuni na ukutani, unanyunyiza maji ya uvuguvugu, unangoja dakika 10 hadi 15, linatoka kama ugali wa jana. Pembe za pasi uzipige tupa ziwe mviringo, la sivyo zinachana karatasi ya bodi.

Ila mambo mawili. Kama limewahi kupakwa rangi, maji hayaingii. Utamwaga ndoo nzima na kitu hakilainiki. Pili, usitegemee kukuta dari zuri chini yake. Wajenzi wa miaka hiyo walipuliza vinundu ili wasihangaike kumalizia viungio vya bodi. Kukwangua ni nusu ya kazi. Kupiga plasta, msasa, praima na rangi ndiko kunakokula pesa.

Hilo la asbesto sijui la mwaka 1972, mimi nagusa nyumba za miaka ya 90.

Kipara_wa_Minnesota

Ngosha umesema kweli kwa nyumba zako, lakini kwa hii ya mwenzetu pampu ya maua ikae stoo kwanza.

Nimefanya kazi ya kuondoa asbesto kwa muda mrefu, kwa hiyo nivumilie nikirefusha.

Marekani ilipiga marufuku kupuliza vitu vyenye asbesto hatua kwa hatua: 1973 kwa vizuia moto na vya kuhifadhi joto, na 1978 ndipo ikafuata ya urembo kama hilo dari lako. Aliyekuwa na magunia ghalani aliendelea kuyamaliza. Nyumba ya 1972 iko katikati kabisa ya kipindi chenyewe. Hata mwenye nyumba ya 1982 nisingemwambia akwangue bila kupima.

Na msidhani ni vinundu tu. Plasta ya viungio vya bodi ya enzi hizo nayo iliwekwa asbesto mpaka 1977 ilipokatazwa. Kuna watu wanapima vinundu, wanaambiwa salama, kisha wanapiga msasa viungio vya zamani na kujaza nyumba vumbi ambalo hawakulipima.

Ubaya wa kitu hiki ni kwamba hakikukohozi siku hiyo. Nyuzi zake huzioni kwa macho, zinakaa kwenye mapafu, na saratani ya utando wa mapafu inaweza kuja miaka 20 mpaka 40 baadaye. Kwa anayevuta sigara hatari ya saratani ya mapafu inapanda maradufu na zaidi. Dari lililotulia, halipukutiki, halikwanguliwi, halina neno. Lako la korido linapukutika, na mtoto anapita hapo kila siku.

Kupima si gharama ya kutisha, ni makumi ya dola kwa sampuli. Tafuta maabara yenye ithibati ya NVLAP, mpango wa Marekani wa kuthibitisha maabara. Kanuni inayotumika mashuleni, na wengi wanaifuata majumbani, ni sampuli 3 kama eneo la dari la aina moja halifiki futi za mraba 1,000, na 5 ukivuka hapo mpaka 5,000. Usichukue moja tu, maana mchanganyiko ulikorogwa kwenye ndoo na haukuwa sawa kila mahali.

Ukichukua mwenyewe: watoto watoke nyumbani, zima hita na feni zote, tandika nailoni, vaa kinyago cha mpira chenye vichujio vya P100, vinavyonasa hata vumbi laini kabisa (barakoa ya kawaida haitoshi hapa, na N95 pia haishauriwi). Nyunyiza maji yenye matone ya sabuni ya vyombo mpaka palowe, chota kipande cha ukubwa wa kijiko mpaka ufike kwenye bodi, tia kwenye mfuko wa zipu, kisha mfuko wa pili. Paka rangi pale ulipochota. Futa kwa kitambaa kibichi, na kitambaa kitupwe. Usithubutu kupitisha mashine ya kawaida ya kufyonza vumbi. Inachukua nyuzi kwa mbele na kuzipuliza kwa nyuma.

Ukiona mikono inatetemeka, lipa mkaguzi. Lakini anayepima asiwe ndiye atakayeondoa. Mwenye duka la majeneza hatakwambia mgonjwa amepona.

mama_wawili_Leicester

Kipara, hapo mwisho nimecheka kwa sauti na mume wangu amekuja kuuliza kuna nini 😂

Huku Uingereza yetu ni Artex, michoro ya mawimbi na mafeni, si bisi. Asbesto waliiweka mpaka miaka ya themanini, na marufuku kamili ya asbesto ilikuja 1999. Sisi tulipima, ikaonekana ipo, hatukukwangua. Fundi alipaka gundi ya PVA, akapiga plasta mbili nyembamba juu yake, dari likawa laini kabisa. Kaka, kwa nini na wewe usipige skimingi tu?

Kipara_wa_Minnesota

Dada, Artex ni ngumu na imeshika. Bisi la Marekani limening'inia tu. Ukilipaka plasta mbichi linalowa, linakuwa zito, na siku moja linakuja lote na plasta yako mezani. Kwake kufunika maana yake ni bodi, si plasta.

Otis_Kayole

Kwani huko majuu pia mnaishi na hii kitu? Huku Nairobi shida yetu ni mapaa. Shule za zamani na estate za wafanyakazi zina mabati ya asbestos, na NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, wanataka yatolewe na watu wenye leseni na kuzikwa mahali maalum. Lakini utapata jamaa yuko juu ya paa na nyundo, bila hata mask. Kijana wa Mafinga, sikiza huyo mzee wa Minnesota.

Ngosha_Brashi

Nimekubali. Hiyo ya plasta ya viungio sikuijua, na ndiyo inayopigwa msasa kwa kiburi kuliko vyote.

KijanaWaMafinga

Wakuu, nimerudi. Shemeji alikuja, pilau amekula, pampu imebaki kwenye boksi.

Tuliamua kumlipa mkaguzi. Majibu: sebule krisotaili (aina ya asbesto) asilimia 3, vyumba asilimia 2 hadi 3, korido asilimia 4. Amenieleza kwamba ikizidi asilimia 1 inahesabiwa ni kitu chenye asbesto. Akasema pia sebule imepakwa rangi zaidi ya mara moja, kwa hiyo hata hiyo habari ya maji isingefanya kazi.

Kampuni yenye leseni imenipa bei ya kuondoa nyumba nzima, ni zaidi ya mara mbili ya yule fundi wa dola 4, na bado dari litabaki linahitaji kumaliziwa. Pesa hiyo sina mwaka huu. Mke wangu anataka tufunike. Je, kufunika ni halali au ni kuficha uchafu chini ya mkeka? Na korido je?

Kipara_wa_Minnesota

Kufunika ni njia inayotambulika, haina wizi ndani yake. Lakini igawe nyumba yako mara mbili.

Korido: hapo usifunike. Kilicholowa na kupukutika kitaendelea kupukutika juu ya bodi mpya, na skrubu zitakitikisa. Ita wenye leseni waondoe korido peke yake. Ni eneo dogo, bei yake utaiweza. Piga simu Ohio EPA, ndio wanaosimamia leseni za asbesto kwenye jimbo lenu, uhakikishe jina la kampuni lipo. Na kabla ya yote hakikisha paa kweli limeacha kuvuja. Mpaka waje, watoto wasicheze hapo, na usifagie kavu. Futa kwa kitambaa kibichi.

Sebule na vyumba: funika. Kila skrubu inayopita inachokoa vumbi kidogo, kwa hiyo tahadhari ni zilezile: nailoni, hita imezimwa, matundu ya hewa yamezibwa, P100 usoni, na mstari wa skrubu uloweshwe kwanza. Nguo za kazi zisifuliwe pamoja na za mtoto. Kwenye taa na feni za dari ndiko watu wanakosea: wakishusha feni wanakwangua kizunguko kizima. Lowesha, shusha polepole.

Siku ukiuza wewe, mwambie mnunuzi. Ripoti ya maabara iweke pamoja na hati ya nyumba. Fundi wa umeme atakayetoboa dari baada ya miaka 15 naye ana mapafu.

Ngosha_Brashi

Hapa kwenye bodi ndipo kwangu, niongeze.

Panda darini, kule juu chini ya paa, kwanza upime mbao. Zikiwa zimeachana inchi 16, bodi ya nusu inchi inatosha. Zikiwa inchi 24, chukua ile ya nusu inchi iliyotengenezwa kwa dari au ya inchi 5/8, la sivyo itabonyea. Zile nyepesi za futi 4 kwa 8 zina kama pauni 40 kila moja. Shemeji aje tena, na bado mkodi jeki ya kuinulia bodi. Mtu wa kushika bodi kwa kichwa huku mwingine anafunga skrubu ni wa kwenye vichekesho.

Skrubu zisiwe zile fupi. Bodi ya zamani nusu inchi, vinundu, bodi mpya nusu inchi: inchi 2 ndiyo saizi yako, ikamate mbao na si bodi ya zamani. Kutafuta mbao usigongegonge dari lenye asbesto. Pima kutoka darini au tumia sumaku yenye nguvu, itakuonyesha vichwa vya misumari. Makopo ya umeme ya taa yaongezwe pete, maana dari limeshuka.

Viungio vipya vipige tepu na plasta, hivyo unaweza kupiga msasa bila wasiwasi wa asbesto, ila barakoa vaa. Rangi iwe isiyong'aa. Inayong'aa kwenye dari inaanika kila kosa la fundi.

Anza na chumba cha mtoto.

KijanaWaMafinga

Mbao ni inchi 24, nimetoka kupima sasa hivi. Korido wanakuja wiki ijayo, leseni nimeihakiki, na sisi tutahamia kwa dada yake mke wangu mpaka wapime hewa na kuturuhusu kurudi. Shemeji anauliza kama safari hii kuna pilau ya mbuzi.