Mada: Akaunti ya ushirika imezuiwa, watia sahihi wawili hawasalimiani

Mama Kevo, Sakina (Jumanne, saa 4 asubuhi)

Wapendwa, Bwana asifiwe.

Natoka benki sasa hivi, hasira hazijaisha. Mnajua katika ushirika wetu huu wa sala wa Wakenya wa Arusha tulikubaliana milioni 1.8 za mfuko wa msiba zitoke, mwalimu mwenzetu wa Moshi amsafirishe baba yake Bungoma. Dirishani naambiwa akaunti imezuiwa. Kibali cha ukaazi cha katibu, Daraja B cha walioajiriwa, kiliisha Septemba. Nikatoa risiti ya maombi mapya, kontrolo namba ilishalipwa, yule dada hata hakuishika. "Leta kibali chenyewe, au mbadilishe mtia sahihi." Kubadilisha kunataka muhtasari wa kikao wenye sahihi ya mwenyekiti NA katibu.

Hapo ndipo nimekwama. Nyote mnajua hao wawili hawajasalimiana tangu ile Jumapili ya 30 Juni 2024.

Swali langu ni moja tu: kuna benki yoyote hapa Arusha iliyowahi kumkubalia mtu risiti wakati kibali kinasubiriwa? Mwili uko mochwari na kila siku inahesabiwa.

Baba Otis, Kijenge

Pole sana Mama Kevo. Mimi kibali changu kilikaa miezi mitano, ati picha haifai. Nikapiga nyingine, ikawa barua ya mwajiri haina muhuri. Makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yako hapa hapa mjini, itifaki ya soko la pamoja ilianza Julai 2010, na bado Mkenya anabeba bahasha ya kaki kila mahali kama anaomba shule. Mke wangu naye alifunga saluni baada ya ile amri ya Julai 2025 ya kuwakataza wasio raia biashara 15. Kwa hiyo ukisema miguu imechoka, nakuelewa.

Mwalimu wa Ngaramtoni

Baba Otis, hakuna aliyeuliza habari za saluni. Na kama unaitaja, itaje sawasawa: amri iliacha saluni za hotelini na zile za watalii. Pili, unachanganya watu. Kibali cha kazi kinatoka kwa Kamishna wa Kazi, cha ukaazi kinatoka Uhamiaji. Benki wanataka cha ukaazi. Tatu, katibu siku hizi anajitolea kanisani, haajiriwi. Anatakiwa Daraja C. Ameomba nini hasa?

Mama Kevo, Sakina

Ameomba B, mwalimu. Shule bado inamlipa. Kanisani ni jioni tu. Naomba turudi kwenye swali.

Mzee wa Njiro

Swali haliko benki. Mwenyekiti aliposimama Jumapili ile akawaombea vijana waliouawa kwenye maandamano ya tarehe 25 pale Bungeni Nairobi, katibu angenyamaza, yangeisha. Lakini akasimama mara moja kumwombea Rais Ruto na polisi, kama anayejibu hoja. Nusu ya watu wakatoka kabla ya chai. Chai ya maziwa, tangawizi imekolea, ikamwagwa! Mimi ndiye niliyeipika.

Shemeji wa Usa River

Mzee, na heshima yote, unasimulia upande mmoja. 1 Timotheo 2 inasema maombezi yafanyike kwa ajili ya "wafalme na wote wenye mamlaka". Haisemi wale uliowapigia kura.

Baba Otis, Kijenge

Shemeji, malizia aya: "tuishi maisha ya utulivu na amani". Mama aliyezika mtoto wa miaka 20 ana utulivu gani?

Dada wa Pasua, Moshi

Nawasoma tu nikiwa Moshi. Mimi ni Mkatoliki, ushirika wenu nakuja kama mgeni, ila nitasema. Kwetu ukihamia mtaa unaingia jumuiya ndogo, utake usitake, na usipofika huko paroko atauliza. Jumuiya yangu ina mama wa CCM na kijana wa Chadema, wanaishi geti moja. Hawakubaliani hata kuhusu rangi ya bendera. Lakini zamu ya kufua vitambaa vya altare ikifika, wanafua beseni moja. Sijawahi kusikia wamepatana. Wanafua.

Na msiseme ni mambo ya walei tu. Novemba 2024 Askofu Mkuu Anyolo wa Nairobi aliagiza mchango wa Rais Ruto kwa kanisa la pale Soweto, Kayole, urudishwe, na nyumbani kwetu Wakatoliki waligawanyika mezani. Shangazi yangu hadi leo anasema angeuchukua, paa linavuja.

Mwalimu wa Ngaramtoni

Waanglikana walitangulia. Askofu Mkuu wao Ole Sapit alishawazuia wanasiasa kusema mimbarini tangu Septemba 2021.

Dada wa Pasua, Moshi

Sikuwa nashindana, mwalimu.

Mzee wa Njiro

Niwakumbushe vijana. Januari 2008, Kenya ikiwaka baada ya uchaguzi, tulikuwa watu tisa, sebuleni Mianzini. Mkikuyu, Mjaluo, Mkalenjin, mama mmoja Mkamba. Simu za nyumbani hazishikiki, mwingine hajui kama nyumba ya Eldoret imesimama. Tulikubaliana jambo moja: hakuna jina la mwanasiasa katika sala. Majina ya ndugu zetu tu. Mtu anasema "naomba kwa ajili ya dada yangu Njeri", mwingine anasema "na kaka yangu Kiprop", tunaitikia. Na tukakusanya mablanketi ya kupeleka Namanga. Sikumpenda kila mtu sebuleni mle. Kuna mmoja nilimshuku, kusema kweli. Lakini blanketi lina ncha nne, hulikunji peke yako.

Mama Kevo, Sakina

Basi na mimi niseme ninaloliona, maana naishi katikati yao. Raila alipofariki 15 Oktoba 2025, mwenyekiti alilia kama mtoto. Katibu, na UDA yake yote, chama cha Ruto, alileta sufuria mbili kubwa na viti, akapanga, akaondoka. Wiki mbili baadaye, uchaguzi wa hapa tarehe 29, intaneti ikazimwa na hakuna anayetoka. Mwenyekiti akasikia nyumbani kwa katibu unga umeisha. Akaacha kilo tano getini, akagonga bati kwa jiwe, akaenda. Ule mfuko ulirudi na mayai sita ndani. Salamu, hakuna.

Katibu

Nimesoma yote. Mayai yalikuwa manane, mawili yalipasuka.

Nitatia sahihi muhtasari. Ninachokataa ni ajenda ya mwisho, "Mengineyo". Kila mara siasa zinaingilia hapo. Ifutwe.

Mwenyekiti

Ndugu katibu. Mkutano bila Mengineyo si mkutano. Iandikwe, na chini yake: "Hakukuwa na mengineyo."

Katibu

Hiyo nakubali. Kesho saa 2 nitakuwa kwa Mama Kevo. Uje na kalamu.

Dada wa Pasua, Moshi

Wapendwa, taarifa. Mwili umeondoka alfajiri kupitia Holili. Tulichanga kwa M-Pesa usiku, walimu wa shule yake wakajazia. Cheti cha kifo cha RITA kilichelewa, dereva akasubiri bila kulalamika, Mungu ambariki. Mfiwa anawashukuru.

Mama Kevo, Sakina

Mungu ampumzishe mzee. Sahihi zote mbili ninazo, wamekunywa chai, wameongea habari za mvua ya Kitale dakika arobaini. Benki nao sasa wanasema muhtasari uambatane na barua ya serikali ya mtaa, na mwenyekiti wa mtaa yuko safarini hadi Jumatatu.

Lile swali la risiti bado halijajibiwa. Inakubalika au haikubaliki?

Shemeji wa Usa River

Samahani kuingilia. Kuna anayejua gari la Nairobi la Ijumaa linaondoka saa ngapi, na kama wanapokea mizigo ya parachichi?