Leo nimepigwapigwa begani na mtaalamu wa demokrasia, sijala mpaka saa hii

Wakuu, mnamjua, simtaji, yule wa suti ya kaki anayezunguka mahotelini kutufundisha "mabadiliko ya kisiasa". Leo nimeuliza swali MOJA tu, kama Marekani inapenda demokrasia hivyo, Mobutu, yule dikteta wa Zaire (Kongo ya leo), ilimlea miaka yote ile ya nini? Jamaa katabasamu meno yote 64, kaja mpaka kwenye kiti changu, kanipigapiga begani, "kaka hiyo ni historia, twende chai". BEGANI! Kama mtoto kamwaga uji!

Historia ya nani? Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, 1960 chama chake kimepata viti vingi kuliko vyote, jimbo la Katanga limejitenga, kaomba msaada kwa Warusi, basi kosa likawa hilo. Kamati ya Seneti ya kwao wenyewe 1975 ikaanika kwamba CIA, majasusi wao, ilipeleka sumu Léopoldville (Kinshasa ya leo) Lumumba aipate kwenye chakula au dawa ya meno. DAWA YA MENO wakuu. Haikutumika, akauawa Katanga Januari 1961 Wabelgiji wakiwepo, na 2022 familia ikarudishiwa jino lake. Jino! Mobutu kapokelewa White House toka enzi za Kennedy mpaka Bush 1989, Vita Baridi ilivyokwisha ndo wakakumbuka jamaa ni dikteta. Afu mtu ananichekea na meno yake, ananigusa bega.

Mzee wa Kijiweni: Mkuu, hiyo chai ulikunywa au hukunywa?

Mleta uzi: Nilikunywa. Sambusa mbili. Haihusiani.

Mzee wa Kijiweni: Sambusa mbili 😂 Mobutu mwenzio alijenga uwanja wa ndege kijijini kwao Gbadolite uliokuwa unatua Concorde, ile ndege ya kasi kuliko sauti, wewe umenunuliwa kwa bei ya jioni

Kachumbari: Warusi nao walipeleka vifaru Prague 1968, mbona hao hamuwafungulii uzi

Bibie wa Pwani: Bora wewe umeguswa bega. Sisi kundi la pili nauli mpaka leo "iko kwenye mchakato" na karatasi nimesaini mara tatu

Kachumbari: Ulisaini ya bluu? Ya bluu ni mahudhurio tu, pesa iko kwenye nyeupe

Bibie wa Pwani: Weee! Nyeupe mbona hatukuletewa??

Mleta uzi: Jamani, tulikuwa kwenye bega

Mzee wa Kijiweni: Pakaa mafuta ya karafuu. Nani ana namba ya mhasibu wao?