Leseni ya mbwa na afisa wa mbwa hapa Ireland

Dada wa Drogheda:
Habari za jioni wapendwa. Watoto wamepewa mbwa wa miezi mitano, chotara wa German Shepherd. Daktari wa mifugo ameshamwekea chipu ya utambulisho chini ya ngozi. Leo afisa wa mbwa wa halmashauri amepita mtaani, akamdai jirani leseni. Je, chipu haitoshi? Na ni kweli anaweza kumchukua mbwa?

Kaka wa Cork:
Dada, chipu haitoshi, na hapo ndipo wengi wetu tunapokamatwa. Chipu imekuwa lazima kwa mbwa wote tangu 2016, lakini leseni ni jambo jingine kabisa. Sheria ya mwaka 1986 inamtaka kila mwenye mbwa aliyetimiza miezi minne awe nayo. Wako ameshapita, kwa hiyo ikate kesho asubuhi. Nenda posta yoyote au ingia kwenye tovuti ya posta. Ya mwaka mmoja ni euro 20, ya maisha yote ya mbwa ni euro 140. Mimi ningechukua ya maisha; mbwa mzima wa afya akivuka miaka saba umeshafaidi. Iandikwe kwa jina la mtu mzima, maana aliye chini ya miaka 16 hapewi. Ukikutwa huna, unapigwa faini ya papo hapo, na usipoilipa kesi inaenda mahakamani.

Sasa sikiliza hili kwa makini, dada yangu. German Shepherd yumo kwenye orodha ya mbwa wenye masharti, na chotara wake pia. Hata awe mpole vipi, akitoka nje ya geti ni lazima afungwe mdomo, ashikwe kwa kamba imara isiyozidi mita mbili, na anayemshika awe amevuka miaka 16 na awe na nguvu za kumzuia. Naomba sana, msiwatume watoto naye dukani. Shingoni avae ukanda wenye jina lako na anwani yako. Hilo linawahusu mbwa wote.

Kuhusu kuchukuliwa: ndiyo, afisa ana mamlaka hayo, hasa mbwa akizurura. Hupelekwa kwenye kituo cha halmashauri na kuwekwa siku tano. Ukimfuata utalipa gharama, na leseni utaulizwa. Usipomfuata anaweza kupewa mtu mwingine au kuuawa kwa sindano. Mbwa akipotea, wapigie simu siku hiyo hiyo.

Na ninyi mnaokaa vijijini, fungeni mageti usiku. Mbwa akiingia kwenye kondoo wa watu, hasara yote ni yako, na katika mazingira fulani sheria inamlinda mfugaji akimpiga risasi. Inauma, lakini mfugaji naye anatetea riziki yake.

Mama wa Galway:
Naongezea kwa wanaotaka kuleta mbwa kutoka nyumbani. Mbwa anayetoka Kenya au Tanzania anahitaji kipimo cha damu cha kichaa cha mbwa ndipo aingie Ireland. Utaratibu ni chipu kwanza, kisha chanjo, damu ichukuliwe baada ya siku 30 au zaidi, halafu isubiriwe miezi mitatu kabla ya safari. Kuna na dawa ya minyoo, saa 24 hadi 120 kabla ya kufika. Anzeni mapema, mkikosea mpangilio mnarudia upya. Na mliopanga, ongeeni na mwenye nyumba kabla mbwa hajaingia ndani.

Dada wa Drogheda:
Asanteni sana, Mungu awabariki. Nitapitia posta kabla ya kuingia kazini. Hicho cha kumfunga mdomo, ninunue cha aina gani?

Kaka wa Cork:
Chukua cha mfano wa kikapu, kinachomwachia nafasi ya kuhema na kunywa maji. Vile vya kitambaa vinambana taya, havifai kwa matembezi marefu. Mpeleke dukani apimwe, kisha mzoeshe ndani kidogo kidogo, ukimpitishia vipande vya nyama kwenye matundu. Na kwa kuwa bado anakua, utalazimika kununua kingine kikubwa baadaye.