"Bolti hii unaifunga au unaivaa?" Hivi ndivyo nilivyojibiwa leo!

Mwenye Kinu:
Wakuu, natoka Gerezani, ule mtaa wa Dar, sasa hivi na mikono bado inatetemeka. Yule fundi mkereza vyuma mnamjua, sina haja ya kumtaja.

Nilimpa sampuli ya bolti ya bega (ile yenye sehemu nene isiyo na nyuzi chini ya kichwa) ya mashine yangu ya kusaga, M16, yaani nyuzi za unene wa milimita 16, nikataka 6. Nikamweleza taratibu: nyuzi zinapoishia, kabla ya bega, kereza kijifereji kishuke kidogo kupita mzizi wa nyuzi, yaani chini kabisa ya mifereji yake, ili bolti izame mpaka bega likalie chuma. Kisha zipigwe zinki. Akaitikia "sawa bosi" mara 3!

Leo nafika, kijifereji hakuna. Nyuzi zimefia njiani. Nikajaribu palepale kwenye bamba nililokwenda nalo: bolti inagoma, bega linaelea, sarafu ya 200 inapita chini yake. Na hiyo "zinki" ni rangi ya silva ya kupuliza, imeganda kwenye nyuzi kama uji wa jana. Rangi ile ingetosha geti la shule!

Nauliza, ananijibu mbele ya vijana wake: "Kwani bosi, bolti hii unaifunga au unaivaa?"

UNAIVAA! Kijiwe kizima kikaangua kicheko, muuza kahawa akatua birika chini ili acheke vizuri. Naivaa wapi, sikioni? M16? Hela nimelipa yote, halafu naulizwa kama naivaa!

Kibarua wa Chuma:
Pole mkuu. Huyo akikukerezea upya, mwambie pembe za kijifereji ziwe za mviringo. Akiziacha kali, bolti itakatikia hapohapo. Hizo 6 usizitupe: weka washa nene, ile pete bapa ya chuma, yenye tundu pana chini ya bega, litakaa.

Mwenye Kinu:
Washa nitaweka. Lakini "unaivaa"?

Bibi Harusi wa Temeke:
Tupia picha ukiwa umeivaa 😂😂

Nati Legevu:
Bolti 6 umeandika kama umeibiwa lori. Paka grisi, saga unga, watu wana njaa.

Mzee wa Spana:
Mimi yuleyule alinipelekea bolti kuchovywa zinki ya moto baada ya kukata nyuzi kwa kipimo kamili. Zinki ikanenepa, nati haikuingia hata nusu mzunguko. Nati zinatakiwa zitanuliwe kwanza! Akaniambia nipige nyundo.

Kibarua wa Chuma:
Nyundo kwenye nati? Astaghfirullah.

Dada Mwajuma:
Afadhali nyie wa vyuma. Fundi cherehani wangu kanipa gauni la send-off siku moja baada ya send-off. Nimeenda na kitenge cha shangazi.

Nati Legevu:
Wa cherehani wote wanasema "njoo jioni". Jioni ya mwaka gani?

Bibi Harusi wa Temeke:
Wangu alibana kiuno mpaka nikala ubwabwa nimesimama.

Mwenye Kinu:
Jamani, turudi kwenye bolti. Aliniuliza kama NAIVAA.

Mzee wa Spana:
Uzi wako nao umefia njiani mkuu, bega halijakaa.

Dada Mwajuma:
Kuna mwenye namba ya fundi gauni asiyedanganya? Nina harusi Jumamosi.